Matundu Mawili Kwenye Ngazi ya Mbele

Jumatatu, 4 Machi

Wamepiga simu! Idara ya majengo ya kale yenyewe, kwa sauti ya binti mwenye adabu zake. Alhamisi afisa anakuja kuikagua nyumba. Ikipita, itaingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na kuwekewa kibao cha shaba ukutani. Nyumba yangu! (Sawa, yetu.) Nilikuwa napinda gauni la bibi harusi, nikajidunga sindano na wala sikusikia maumivu.

Hiki kibao nimekililia miaka na miaka. Nimepiga picha, nimesumbua watu, hadi huko ofisini wananiita "mama wa nyumba ya mchungaji". Nimekimbia moja kwa moja karakanani kwa mume wangu. Alikuwa anapiga randa. Nikasimama mbele yake kimya mpaka akaiweka chini. Akasema, haya, wamekubali nini? Nikasema, wanakuja! Akacheka. Akasema kibao chenyewe kitasomwa na mahindi.

Ndiyo kejeli yake ya siku zote, na haina uongo. Mlango wetu wa mbele unatazama shamba. Waliojenga waliambiwa kanisa litakuwa upande ule, wakaelekeza huko baraza, nguzo na ngazi za mawe. Kumbe maji yakapatikana upande wa pili wa kilima. Kanisa likajengwa huko, barabara ikalifuata kanisa, na nyumba ya mchungaji ikabaki imelipa kanisa kisogo! Hadi leo kila mgeni anatokea nyuma, jikoni. Mimi naipenda hivyo hivyo. Ni nyumba yenye msimamo wake.

Jumatano, 6 Machi

Usafi tangu asubuhi. Nimeosha vibao vyote vya madirisha, rangi ya kijani imerudi. Nimefuta dari — ile dari ya mbao yenye vitundu vya umbo la nyota vya kutolea joto. Nikivitazama najiona tajiri. Kuta ni za mawe na chokaa, nene kiasi kwamba jua likiwaka vipi nje, ndani unaweza kutamani sweta. Na dohani! Mchungaji wa kwanza alikuja na ramani ya nyumba za kwao, na kwao ni baridi. Basi mafundi wakamjengea mahali pa kuotea moto sebuleni, na bomba lake la moshi juu ya bati. Moto haujawahi kuwashwa humo hata siku moja. Ndege wanalea watoto wao humo vizazi na vizazi. Mume wangu aliwahi kutaka kuliziba, nikamwambia aanze kuniziba mimi.

Cherehani yangu iko kwenye chumba kilichokuwa ofisi. Kina mlango wake wa pembeni, ili waumini waingie na shida zao bila kupita sebuleni. Wateja wangu wanaingia kwa mlango ule ule na, sijui kwa nini, bado wananong'ona. Ila siku hizi wanakuja kupimwa kiuno.

Kuna jambo moja la kupangwa. Mama — mama mkwe wangu, nami namwita Mama tu — hajatoka nje tangu tumrudishe kutoka hospitali. Nyonga. Kiti cha magurudumu tunacho, lakini mbele kuna ngazi, nyuma kuna ngazi. Siku ile alibebwa juu juu na kiti chake na wanaume wawili, akasema amebebwa kama kabati. Hataki tena kubebwa. Anataka mteremko wa saruji, ajiteremkie mwenyewe. Fundi mwashi alipomuuliza jana aujenge wapi, Mama akanyoosha kidole: mbele. Nadhani anapenda hewa ya barazani.

Alhamisi, 7 Machi

Amekuja! Nilitegemea mzee wa miwani. Binti mdogo, viatu vya kazi, futi ya chuma kiunoni. Nilijiandaa kumfundisha, na kila nilichomwonyesha alikuwa anajua zaidi yangu! Kile kidirisha kati ya jikoni na chumba cha kulia, kwa mfano. Siku zote nasema ni cha kurahisisha kazi. Akasema ndiyo, na pia ni ili anayepika asionekane na wanaokula. Akakifungua na kukifunga mara kadhaa. Bado kinateleza vizuri, mume wangu amekitunza.

Lakini ngazi za mbele ndizo zilizomteka. Alipiga magoti! Ngazi za nusu duara, kila moja imechongwa kwenye jiwe moja zima. Akazipapasa kwa kiganja. Akasema ametembea nyumba nyingi za wachungaji na hajaona ngazi kama hizi, na ule mng'ao wake si wa jiwe, ni wa nta, ni wa mtu aliyesugua miaka mingi. Nilivimba. Nilivimba kabisa, zipu ya gauni ilinibana.

Masharti: upande wa mbele usiguswe. Baraza, nguzo, ngazi, vibaki kama vilivyokuwa. Nyuma, turekebishe tunavyotaka. Nikamwambia kuhusu mteremko wa Mama. Akafikiri kidogo, akasema mbona nyuma panafaa zaidi, ni karibu na barabara, hakuna haja ya kuzunguka shamba. Akanichorea hapo hapo jinsi utakavyopita kando ya tangi la maji. Ana moyo mzuri huyu binti. Nikasema hakuna shida hata kidogo!

Mama alikuwa pale pale kwenye kiti chake. Nilidhani amesinzia.

Jumapili, 10 Machi

Hakusinzia. Leo baada ya chakula nimemwambia fundi anaanza kesho, upande wa nyuma. Akasema, jengeni tu, wanangu, mtapitishia magunia. Nikamuuliza, na wewe? Akasema yeye atakaa ndani, ndani kuna kivuli.

Mlango ni mlango jamani! Nimejizuia kusema.

Jumanne, 12 Machi

Mteremko umekwisha. Umetulia, una ukingo pembeni ili gurudumu lisichomoke. Fundi anauangalia kama mtoto wake. Majirani wamekuja kuuona. Mama amekataa hata kusogezwa dirishani.

Nimemfuata mume wangu karakanani, zamu hii kwa hasira. Nikamwambia mama yako ana kichwa kigumu. Akasema najua, nimekirithi. Nikamwambia basi muulize ana nini. Akasema niulize mimi. Nikasema, wewe si ndiye mwanawe? Akasema ndiyo maana namwogopa. Anaona kila kitu ni mzaha huyu mtu. Nikampigia makelele hadi msumeno wa jirani ukanyamaza.

Kosa si langu. Nimeitunza hii nyumba kwa mikono yangu, na kwa mara ya kwanza kuna mtu mwenye cheo amesema ni nzuri. Nakitaka kile kibao. Nasema wazi, humu ndani hakuna wa kunisikia.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nimemsuka Mama. Amekaa, mimi nimesimama nyuma yake, hatuonani uso. Ni rahisi zaidi kuulizana hivyo. Nikamuuliza, Mama, mlango wa nyuma una nini?

Akapapasa msuko niliomaliza. Kisha akasema, mwanangu, ile nta ni mimi.

Nilijua aliwahi kufanya kazi hapa. Kila mtu anajua, na sote tunaitaja harakaharaka na kupita. Sikuwahi kuuliza kazi gani. Alikuwa msichana alipoanza, akaacha kazi mume wangu akiwa shuleni. Alifua, alipiga pasi kwa mkaa, na Ijumaa ilikuwa siku ya ngazi. Nta nyekundu na kitambaa cha sufu. Anaanza juu mlangoni, anapiga magoti, anashuka kinyumenyume ili asikanyage kazi yake. Akifika chini anachukua ndoo, anaizunguka nyumba nzima, anaingia kwa jikoni.

Nikasema, walikukataza kupita mbele? Akacheka. Akasema hakuna aliyenikataza. Walikuwa watu wema, mumeo alienda shule na viatu walivyomnunulia. Ni kwamba haikuwahi kumjia mtu akilini. Hata mimi mwenyewe haikunijia.

Kisha parokia ikajenga nyumba mpya kule barabarani na hii ikauzwa, tukainunua sisi. Na mimi nakumbuka vizuri! Jumapili ya kwanza kabisa Mama alikuja na gauni la kanisani, akaizunguka nyumba, akakanyaga umande wa shambani, akapanda ngazi za mbele na kubisha hodi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Alifanya hivyo kila Jumapili, mvua au jua. Sisi tulimcheka, tukasema anajifanya mgeni rasmi. Leo akaniambia, mlidhani nilikuwa nakuja kuwasalimia nyinyi?

Tulicheka hadi chanuo likanidondoka. Kisha mimi nikalia, yeye hakulia. Miaka yote najisifu kwa watu kwamba nyumba yangu ina historia, na historia yenyewe naivalisha soksi kila asubuhi. Nimeona aibu. Na ndani ya aibu hiyo, nisijidanganye, nimeona fahari pia. Kile alichokipapasa yule binti kwa kiganja ni mikono ya mama mkwe wangu. Nimemaliza kumsuka nikaenda kukaa barazani peke yangu.

Jumatatu, 18 Machi

Nimempigia afisa, nimemweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema anaelewa, na sauti yake ilionyesha anaelewa kweli. Lakini zege juu ya ngazi zile haiwezekani, ikimwagwa haitoki tena bila kuvunja jiwe. Hapo na mimi namwelewa, hata mimi roho ingeniuma.

Kisha akasema alikuwa anajiandaa kunipigia. Kamati imekaa. Imepita! Ijumaa analeta kibao, na mpiga picha. Picha itawekwa ofisini kwao pamoja na maelezo, nyumba kama ilivyokuwa.

Nilishukuru, nikakata simu, nikakaa. Furaha imekuja na haijui ikae wapi.

Jumanne, 19 Machi

Mume wangu ana akili, nakubali, ila nisimwambie. Mteremko wa mbao! Unalala juu ya ngazi, haugusi chochote, ukitaka unautoa. Ameutengeneza kwa mbao nene za madhabahu ya zamani ya kanisa alizokuwa ameziweka akiba. Amepiga randa hadi zinang'aa. Afisa kwa simu amesema mbao sawa, mradi hakuna kinachofungwa kwenye jiwe.

Mchana tukaujaribu kwa gunia la mahindi juu ya kiti cha Mama. Jiwe lina nta, mbao zina nta. Kiti kilifika katikati, mteremko mzima ukateleza kama sabuni, gunia likaruka ngazi na kuishia shambani kwa wenzake. Mama aliona yote kutoka mlangoni. Akasema, gunia limetoka kwa mlango wa mbele kabla yangu.

Mume wangu ametia mpira chini. Umeteleza. Ametia magunia ya mchanga pembeni. Umeteleza polepole zaidi, lakini umeteleza. Amekaa chini akajikuna kichwa. Anasema dawa ni bolti mbili kwenye ngazi ya chini kabisa. Matundu mawili, unene wa kidole. Bila hayo hamweki mama yake pale juu.

Jumatano, 20 Machi

Nimempigia afisa. Matundu mawili tu, pembeni, chini. Akasema mama, kwenye ngazi siwezi kukubali hata tundu moja, nikikubali lako kesho nitakubali la mwingine. Akasema kwa siku ya picha pawe patupu, tafadhali.

Sikumjibu vibaya. Alinifundisha mambo mengi kuhusu nyumba yangu mwenyewe.

Alhamisi, 21 Machi

Nimemwambia Mama ukweli wote. Kibao, matundu, picha. Nilitaka aniambie basi, mwanangu, chukua kibao chako, mimi nitazoea. Nilikuwa nasubiri hilo, Mungu anisamehe. Hakusema. Akaniuliza gauni lake la kanisani liko wapi na kama naweza kuliachia kidogo kiunoni, maana kukaa kumemnenepesha.

Nimelifumua na kulishona upya mchana kutwa. Sijawahi kushona mshono ulionyooka namna ile. Mume wangu amepita mara tatu, ananiangalia. Mara ya nne nikamwambia akachaji drili. Akasema ile ya betri ilishakufa zamani, iliyopo inatumia umeme.

Ijumaa, 22 Machi

Naandika nimesimama, kwa kalamu ya kuchorea vitambaa.

Saa nne tulikuwa tayari. Mteremko wa mbao tumeuweka mahali pake. Mama tumemzungusha kwa nje: alikubali kuteremshwa kwa mlango wa nyuma mara hii moja, akasema kwenda si neno, kurudi ndiko kuna maana. Yupo chini ya ngazi, gauni limemkaa, nywele nilizisuka upya jana usiku. Ameegesha kiti kuelekea mlangoni na kufunga breki. Majirani wamesimama ukingoni mwa shamba, wanajifanya wanang'oa magugu.

Mume wangu ameweka alama mbili kwa penseli kwenye ngazi ya chini. Amepima mara tatu kabla ya kuziweka! Yeye ambaye hukata mbao huku anapiga soga. Ndipo gari lao likazunguka nyumba na kusimama.

Afisa akashuka na kibao kimefungwa kwenye kitambaa. Akaona mbao. Akaona penseli. Akaona Mama. Akanisalimia kwa heshima zote, akamsalimia Mama shikamoo, kisha akaniambia polepole, mama, tulikubaliana. Dakika chache tu za picha, baadaye mrudishe mbao zenu.

Sikuwa nimepanga kusema chochote. Nikamuomba anionyeshe kibao. Akakifungua. Jamani, kizuri! Kizito, maandishi yamechimbwa ndani ya shaba, NYUMBA YA MCHUNGAJI, na mwaka wa kujengwa. Nikapitisha kidole kwenye kona moja, kuna tundu. Kona ya pili, tundu. Zote nne.

Nikamuuliza, hiki kinakaaje ukutani? Akasema kwa skrubu. Nikamuuliza, ukuta wa mbele? Akasema ndiyo, karibu na mlango. Nikasema, kwa hiyo matundu manne kwa ajili ya kibao yanaruhusiwa, na mawili kwa ajili ya aliyezing'arisha ngazi hayaruhusiwi?

Hata wang'oa magugu waliacha.

Akageuka kwa Mama. Akamuuliza, bibi, ni wewe? Mama akasema, umezishika, mjukuu wangu? Laini, eh? Akasema siri ni kitambaa cha sufu, cha pamba kinaacha mistari. Yule binti akachuchumaa mbele ya kiti chake, wakaongea mambo ya nta, wawili hao, kama hakuna mtu mwingine pale. Mpiga picha akauliza apige au asubiri. Mwishowe akapiga.

Kisha afisa akasimama, akajifuta goti. Akanipa mimi kibao nimshikie. Akasema hana uwezo wa kuamua hili peke yake, lazima ampigie mkuu wake, na mkuu wake si mtu rahisi. Amekwenda katikati ya mahindi kutafuta mtandao. Kutoka hapa dirishani naona kichwa chake tu na mkono mmoja. Unapanda, unashuka. Anatingisha kichwa. Sijui anatingishiwa nini.

Mume wangu ameniambia nikatafute ule waya mrefu wa umeme, wa drili. Ndio huu. Umetosha kutoka hapa hadi ngazi ya chini, na unabaki kidogo. Kibao nimekilaza juu ya gauni la bibi harusi, kisikwaruzike. Mama anaita kutoka nje, anauliza kama nimeupata.

Afisa bado yuko kwenye simu. Soketi iko hapa kando ya cherehani.

Nachomeka.